Tofali 14,481 za Kobe, na mbili zangu

Ni Jumapili, saa nne usiku, umeme umerudi sasa hivi baada ya kutukimbia tangu magharibi. Mwenzangu wa chumba kashalala. Mimi badala ya kumalizia BOQ ya kuwasilisha Jumatano, nimekaa kitandani na kikokotoo nahesabu tofali za marehemu Kobe Bryant. Msinicheke. Au chekeni tu, ila someni mpaka mwisho, maana leo nina hoja.

Kisa chenyewe kilianzia uwanjani. Wiki mbili zilizopita tulicheza fainali ya kikapu ya hosteli, wasichana. Zimebaki sekunde tatu, tuko nyuma kwa pointi moja, nachezewa faulo mimi. Mitupo huru miwili. Yaani nasimama mstarini peke yangu, hakuna anayenizuia, hakuna anayenisukuma, ringi iko palepale ilipokuwa tangu asubuhi. Nikiingiza mmoja tunaenda dakika za nyongeza, nikiingiza yote miwili kombe letu.

Wa kwanza: ting! Ringi ya mbele. Wa pili: paa! Ubao mtupu. Neema akaudaka ulivyorudi, akageuka arushe, kengele ikalia. Kwisha habari.

Sasa si mnajua watu wa chuo hiki walivyo. Kule Marekani shuti linalogonga ringi au ubao kwa kishindo halafu likaruka bila kuingia wanaliita tofali, maana linatua kama tofali kweli, halina ulaini hata kidogo. Na mtu akikosa sana wanasema leo kajenga nyumba. Jamaa zetu wanaokesha kuangalia NBA wameileta lugha hiyo hapa, na mimi, kwa bahati mbaya zaidi, nasoma ukadiriaji majenzi. Hawakuhitaji kufikiri sana. Tangu siku ile jina langu ni Fundi. Nikipita kwenye vimbweta nasikia, "Fundi, simenti imefika!" Nikiingia kantini, "Fundi, lenta lini?"

Jumatatu asubuhi nafungua mlango niende kuoga, nakuta tofali. Siongei kwa mafumbo, tofali la bloku, la inchi sita, zima kabisa, na karatasi juu yake imeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Idadi: 1. La pili linakuja na gari."

Du! Nilicheka. Halafu nikarudi ndani nikalia kidogo. Halafu nikalisukumia ndani hilo tofali, kwa sababu mlango wetu huwa unajifunga wenyewe na upepo, na sisi hatuna kitu cha kuuzuia. Mpaka leo linafanya kazi hiyo.

Nikasema, sawa, kama ni tofali basi tuhesabu tofali kitaalamu. Huwezi kumtania mkadiriaji halafu ukaogopa hesabu.

HESABU YENYEWE

Kobe Bryant alicheza misimu 20 na timu moja tu, Lakers, kuanzia 1996 hadi 2016. Kwenye mechi za msimu wa kawaida, ukiacha mitupo huru na ukiacha mechi za mtoano, alikosa mashuti 14,481. Rekodi hiyo ya kukosa aliichukua Novemba 2014 kutoka kwa John Havlicek wa Boston aliyekuwa na 13,417, akakaa nayo miaka kumi, mpaka LeBron James alipompita tarehe 2 Desemba 2024. Ila LeBron nitamhesabia siku nyingine. Mimi nimemchagua Kobe kwa sababu ya jina. Jamani, kwa Kiswahili kobe ni nani? Si ndiye anayezaliwa na nyumba yake mgongoni? Mtu mwenye jina hilo kapewa tofali elfu kumi na nne za nini?

Haya. Tuchukue tofali la bloku la kawaida, lile la inchi 18 kwa 9 kwa 6. Ukilipanga na udongo wake, mita moja ya mraba ya ukuta inakula kama tofali 10. Kwa hiyo Kobe ana ukuta wa mita za mraba 1,448.

Nimechora nyumba. Ya kawaida kabisa, vyumba vitatu, sebule, jiko, mita 12 kwa 10. Kuta za nje mita 44, za ndani mita 30, jumla mita 74. Urefu kwenda juu mita 3. Toa milango na madirisha, ongeza kozi nne za msingi, ongeza kidogo za kuvunjika njiani. Nikapata tofali 2,600.

14,481 gawanya kwa 2,600. Nyumba tano zimekamilika kuta, na zinabaki tofali 1,481. Hizo zinainua msingi wa nyumba ya sita na kupandisha kozi tano, yaani mpaka usawa wa madirisha, halafu zinaisha. Hapo nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu akageuka usingizini. Hata Kobe, pamoja na pesa zake zote, amebakiza pagale! Karibu Tanzania, kaka.

Tuendelee. Tofali moja la aina hiyo lina kama kilo 30. Zote pamoja ni tani 434. Kwa lori la tani 10 ni trip 44, na ya mwisho dereva atakuja na nusu mzigo na bado atadai pesa kamili. Simenti: mfuko mmoja wa kilo 50 tukiufyatulia tofali 30, inatakiwa mifuko 483. Au ukitaka, kiwanja cha kikapu cha mita 28 kwa 15 ukikizungushia ukuta wa mita mbili kwenda juu kinakula tofali 1,720. Kobe anazungushia viwanja vinane na chenji inabaki. Sisi hapa chuoni hatuna ukuta hata kwenye kiwanja kimoja. Mpira ukitoka unaenda mtaroni, na anayeutoa mtaroni ni mimi.

Wengine nao nikawapitia harakaharaka:

Michael Jordan: alikosa 12,345. Sijatunga, ndiyo namba yenyewe, kama nywila ya mtu mvivu. Nyumba nne na robo tatu ya nyumba ya tano.

Shaquille O'Neal: huyu ndugu yangu wa damu, namhesabia mitupo huru peke yake. Alipewa 11,252, akaingiza 5,935, akakosa 5,317. Nyumba mbili kamili, zinabaki tofali 117. Nimepiga hesabu, tofali 117 zinatosha choo cha nje cha mita 1.2 kwa 1.2 na mlango wake. Yaani Shaq ni mwenye nyumba anayejua kuwajali wapangaji. Kwi kwi kwi!

Mimi: tofali mbili. Moja liko mlangoni.

BABA AKAULIZA SWALI

Leo mchana nikampigia baba. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro. Nyumbani tunajenga. Nikisema tunajenga, mnanielewa: mimi nikiwa darasa la tatu baba alianza kufyatua tofali kwenye kiwanja, mshahara ukitoka mifuko miwili ya simenti, mwezi mwingine hakuna kitu kwa sababu ya ada, mwezi mwingine mmoja. Sasa hivi mimi niko mwaka wa pili chuo na boma limefika kwenye lenta. Ndani ya chumba kinachotakiwa kuwa changu kumeota mpapai, na umeshazaa.

Nakumbuka masika ya kwanza. Mvua ilikuta tofali 200 bado changa na fundi alikuwa ameweka mchanga mwingi kuliko walivyokubaliana. Sitini zikamomonyoka. Asubuhi zimekaa pale kama maandazi yaliyolowa chai. Majirani walipita, wengine wakatoa pole, wengine wakaziita hivyohivyo, maandazi. Baba hakujibu mtu. Alichota kile kifusi akakishindilia ndani ya msingi.

Basi nikamwamkia, akaniuliza kama nimekula, nikamweleza hesabu za Kobe nikidhani atacheka. Baba hajui kikapu kabisa. Akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akauliza:

"Sasa mama, hizo elfu kumi na nne ni zilizovunjika. Zilizokaa ukutani ni ngapi?"

Wadau, sikuwa na jibu. Nimekaa na kikokotoo siku mbili, nimegawanya, nimezidisha, nimepata mpaka trip za lori, na sikuwa nimeandika popote namba ya zilizoingia. Nikaitafuta nikampigia tena. Zilizoingia ni 11,719. Jumla alirusha mara 26,200, kwa hiyo kati ya kila mia alikuwa anaingiza kama 45.

Baba akasema, "Basi huyo ni fundi. Tatizo lenu mnahesabu kifusi, ukuta hamuuangalii." Halafu akaniuliza bumu limetoka au bado, tukaongea mengine.

HOJA

Sasa hoja yangu ni hii. Utani wa tofali ni mtamu na sitaki uishe. Ila ni hesabu ya nusu. Mkadiriaji akiniletea namba ya upotevu bila kuniambia kazi iliyofanyika ni kiasi gani, nitamrudishia karatasi yake. Ukisikia mtu kakosa mara 14,481, swali la kwanza ni karusha mara ngapi, na kwa nini walikuwa wanaendelea kumpa mpira miaka ishirini yote.

Maana kuna njia rahisi sana ya kuwa na tofali sifuri. Usirushe. Kaa benchi na taulo. Mwangalieni Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa namba 2 mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyekuwa namba 3 na Stephen Curry aliyekuwa namba 7. Watu walimsema sana, huku na kule, lakini tofali zake ni chache mno ukilinganisha na za hao wawili. Ni chache kwa sababu alipewa mpira mara chache. Harden na Curry wamekosa maelfu na maelfu, na hakuna anayewacheka. Kwa hiyo tofali nyingi si dalili ya ubovu peke yake. Mara nyingi ni dalili kwamba mtu aliaminiwa.

Na hili si la uwanjani tu. Kwenye semina yetu kuna binti wa mwaka wa kwanza anayesoma kozi moja na sisi. Wiki ya tatu ya muhula mwalimu aliuliza swali la nguzo, darasa zima kimya, yeye akanyoosha mkono akajibu. Akakosa, na akakosa vibaya, alichanganya mzigo na uzito. Nyuma kule mtu akasema "tofali!" na darasa likaanguka kwa kicheko. Na mimi nilicheka, naandika hapa ili nisijisahaulishe. Tangu siku hiyo yule binti hajafungua mdomo. Anakaa karibu na dirisha, anaandika, anaondoka. Ana tofali moja tu, na sisi wengine tulionyamaza tuna sifuri. Kwa hesabu zetu sisi ndio mabingwa, wakati jibu la swali lile hakuna kati yetu aliyekuwa nalo!

Mtihani ukifika mnaona matokeo yake. Watu wanaogopa kuuliza darasani, wanabaki kudesa, halafu sap zikitoka tunashangaa. Sap nazo tunazihesabia watu kama tofali, "fulani ana tatu", bila kuuliza huyo fulani alichukua masomo gani, alikuwa anafanya kazi gani ya kujilipia ada usiku.

NANI ANAOKOTA?

Ila nisiwadanganye, kuna upande wa pili. Si kila kukosa ni ujasiri. Tarehe 28 Mei 2018, mechi ya saba ya fainali ya kanda ya Magharibi, Houston Rockets walikosa mashuti ya pointi tatu 27 mfululizo mbele ya Golden State. Ishirini na saba! Mpaka mechi inaisha walikuwa wamerusha 44 na kuingiza 7, wakafungwa 101 kwa 92. Wapo wanaosema ule ndio mpango uliowafikisha pale, na ni kweli, lakini mimi nikiona kozi 27 zimepinda, naomba fundi ashuke kwanza aangalie timazi. Na mwanafunzi anayenyoosha mkono bila kusoma hata ukurasa mmoja, huyo hajengi chochote, anatupotezea muda. Baba naye alimwachisha kazi yule fundi wa mchanga mwingi.

Tofauti iko wapi? Nimefikiri sana, nikaiona kwenye mechi moja ya Kobe mwenyewe. Fainali ya 2010, mechi ya saba, Lakers na Boston. Kobe siku hiyo alikuwa mbaya kweli, alirusha 24 akaingiza 6. Tofali 18 kwa usiku mmoja, usiku mkubwa kuliko yote. Timu nzima ilirusha 83 ikaingiza 27, yaani tofali 56. Na walishinda, 83 kwa 79!

Walishindaje? Waliokota. Mipira iliyokosa kwenye ringi ya Boston, Lakers wenyewe waliichukua tena mara 23. Pau Gasol alidaka mipira 18 kwa jumla, na Kobe huyohuyo aliyekuwa anakosa akadaka 15. Kila tofali lilipoanguka palikuwa na saidia fundi chini, analinyanyua, analirudisha juu. Shuti lililokosa linakuwa hasara pale ambapo hakuna mtu wa kwako chini ya ringi. Akiwepo, ni kazi inaendelea.

Na Kobe alianza chini kuliko tofali. Mei 1997, ana miaka 18, mechi ya mtoano na Utah, dakika za mwisho na za nyongeza alirusha mashuti manne ambayo hayakugusa hata ringi. Hapo hata tofali hakuna, ni mchanga mtupu. Timu ikatolewa. Msimu uliofuata wakampa mpira tena. Miaka 19 baadaye, tarehe 13 Aprili 2016, mechi yake ya mwisho, na wapinzani ni walewale Utah, alirusha mara 50, akakosa 28, akafunga pointi 60, wakashinda. Tofali 28 zinatosha ukuta wa banda la kuku. Ni mechi ambayo watu bado wanaisimulia, na sijasikia anayesimulia banda la kuku. Januari 2020 ajali ya helikopta ikamchukua yeye na binti yake Gianna na wenzao saba. Mungu awarehemu.

Kwa hiyo ombi langu kwenu wadau wa utani ni dogo. Ukitaka kumhesabia mtu tofali zake, leta namba tatu: karusha ngapi, zimekaa ukutani ngapi, na wewe ulikuwa wapi wakati zinaanguka. Ukiwa nazo zote tatu, tania mpaka kesho, nitacheka na wewe.

Mimi namba ya tatu ninayo. Baada ya ile fainali, watu wote wameshaondoka uwanjani, Neema alikuja akakaa pembeni yangu, hakuniambia "usijali" wala nini. Alisema, "Wewe rusha. Mimi kazi yangu ni kuokota, ukiacha kurusha utaniachisha kazi." Nilikaa siku kumi bila kugusa mpira. Alhamisi akanifuata chumbani, akaruka lile tofali la mlangoni, akanitupia raba zangu. Tukaenda. Nilirusha mitupo huru 50. Nikaingiza 29, nikakosa 21. Zote 21 aliziokota yeye, mbili akazitoa mtaroni.

Na jambo moja la mwisho, la semina. Kesho saa mbili asubuhi tuna kipindi, na yule binti atakaa palepale dirishani. Nimepanga kukaa naye. Mwalimu akiuliza swali nitanyoosha mkono mimi kwanza, na kwa jinsi ninavyojijua nitakosa. Atakayepiga kelele "Fundi!" apige tu, kiti cha mbele kipo, aje na yeye arushe.

Mkipita uwanjani jioni mkasikia ting! paa! ting!, mjue tunajenga. Haya, alamsiki wadau. BOQ inaniita.